Namba Kumi na Tisa Isiitwe

Namba kumi na tisa iliitika. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa Helinä Kortesoja mwenyewe hakuona ubaya wowote wakati ule. Alichoona ni usumbufu mwingine tu, na usumbufu alikuwa nao wa kutosha.

Ilikuwa Jumatatu ya Desemba, saa tatu asubuhi, na nje ya maabara ya vipimo pale mjini Kajaani kulikuwa bado giza, kama ilivyo ada ya majira yale. Helinä alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na soksi zake za sufu, maana viatu haviingii chumba kile, akiziita mashine zake moja baada ya nyingine. Zilikuwa tisa, zimepangwa rafuni: voltimita, vipima joto, vitoa mawimbi, zote zimeunganishwa kwa kebo nene kama kidole gumba ambazo plagi zake hubebana migongoni. Mstari ule una adabu kuliko kikao cha harusi. Kila mashine ina namba yake, na hakuna inayofungua mdomo mpaka kompyuta iite namba hiyo. Ikisema moja, nyingine zinasikiliza, na ile nzito ya kusikia ndiyo inayongojwa na zote. Kompyuta huuliza, wewe ni nani, mashine hujitaja, kisha hunyamaza.

Namba kumi na tisa haikuwa na mashine. Ilikuwa wazi tangu Helinä aajiriwe, na hiyo ni miaka ishirini na mmoja. Lakini asubuhi ile alikuwa ameiagiza kompyuta iite namba zote, ya kwanza mpaka ya thelathini, na ilipofika kumi na tisa, mahali pa kimya, skrini iliandika 4.0.

Alimuuliza Ilpo kama amechomeka kitu kipya. Ilpo Rautakoski, fundi mwenzake kwa miaka kumi na miwili, alikuwa amelala chali chini ya meza akikaza skrubu na kupiga mluzi, wimbo uleule mmoja anaoupiga akiwa kazini, ambao hakuna aliyewahi kuutambua. Alijibu kuwa hajachomeka kitu, kwamba hata chai ya kunywa hajapata muda wa kuichemsha, na kwamba kama Helinä anaona mashine ya kumi basi huenda ni yeye anayehitaji kupimwa. Kisha akaendelea na mluzi wake.

Helinä hakucheka. Ijumaa saa tatu asubuhi mkaguzi alikuwa anakuja kutoka kusini, na mkaguzi alitaka kitu kimoja: saa arobaini na nane za vipimo mfululizo, bila pengo hata la dakika. Zikipatikana, kibali cha maabara kinaendelea. Zisipopatikana, chumba kinafungwa, kazi inahamia Helsinki, na Helinä, mwenye miaka hamsini na miwili na nyumba ambayo alizaliwa humo, ataambiwa ahame au akae akitazama theluji. Wiki mbili mfululizo alikuwa amejaribu, na mara nne kipimo kilikatika njiani. Chumba kile alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na hilo hakulificha.

Kwa hiyo mwisho wa wiki alikuwa ameifumua programu ya zamani na kuandika nyingine. Ile ya zamani iliandikwa na marehemu Taisto Pellikka, mzee aliyekaa kwenye kiti kilekile kabla yake. Ilikuwa na mambo mawili yaliyomkera. La kwanza, kwenye ukurasa wa mwanzo Taisto alikuwa ameandika: 19 isiitwe. Basi, hakuna sababu, hakuna maelezo. La pili, kila jioni programu ilizunguka kwa mashine zote, moja moja, ikiipa kila moja amri ya kwaheri. Maana kompyuta ikishaishika mashine, kitaa chekundu huwaka usoni pake na vitufe vyake hufungwa. Utavibonyeza mpaka kidole kiote sugu, haikusikii, mpaka kompyuta yenyewe iiambie: rudi kwako. Helinä aliona huo ni upotevu wa muda. Kesho asubuhi atazishika tena, za nini kuziaga? Akaufuta ule mstari wa kuaga, akaufuta na ule wa kumi na tisa, akajisifu kwamba amefanya usafi.

Usafi wake ulidumu dakika ishirini. Kisha mstari mzima wa mashine ukaganda.

Aliwasha upya kompyuta. Ukaganda. Alibadilisha kebo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazichomoa mashine zote na kuzirudisha moja moja kama mtu anayetafuta taa mbovu kwenye uzi wa taa za Krismasi, na kila mara alipodhani amempata mchawi wake, mchawi alihamia kwingine. Kulikuwa na mmoja kwenye mstari asiyemaliza kusikiliza, na wote walikuwa wakimngoja. Mpaka saa nane mchana, jua likiwa linazama, alikuwa amewasha upya mara kumi na saba. Alimgombeza Ilpo. Ilpo akamjibu. Wakagombana juu ya nani aliiacha bisibisi ndogo dirishani, ugomvi wa kipuuzi usio na mwisho, na katikati yake Ilpo akachomoa plagi nyuma ya voltimita, akainusa, akasema kwa sauti ya chini, "Helinä, njoo unuse hii."

Ilinuka tope la ziwani. Na kutoka kwenye vitundu vya plagi, katika chumba ambacho unyevu wake hupimwa na kuandikwa kila saa, lilidondoka tone la maji.

Wakaipangusa. Mngetaka wafanye nini? Walikuwa na siku nne.

Jumanne ilikuwa hivyohivyo mpaka saa saba, na hapo Helinä akafika mwisho wa kamba. Aligundua kwamba kila alipoiruka kumi na tisa mstari uliganda, na kila alipoiita uliendelea. Basi kwa hasira, bila kumwambia mtu, akaiandika kumi na tisa kwenye orodha yake kana kwamba ni mashine halali kama nyingine, akasema peke yake, "Haya, kaa. Ila niache nifanye kazi yangu." Saa nane kamili akaanzisha kipimo. Namba zikaanza kutiririka. Voltimita, kipima joto, kitoa mawimbi, kumi na tisa: 4.0. Voltimita, kipima joto, kitoa mawimbi, kumi na tisa: 4.0. Hakuna kilichoganda. Helinä alikaa akizitazama mpaka macho yakamuuma, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya furaha.

Ilpo akaacha mluzi saa ileile.

Sasa, hapa lazima niwe mkweli kuhusu watu wetu. Kahawa kwetu hunywewa saa tatu na saa nane, watu saba kwenye meza moja, na inaweza kunywewa kuanzia Oktoba hadi Pasaka bila mtu kuongeza neno juu ya "inaanguka tena", yaani theluji. Mtu hasemi mpaka aulizwe, na hakuna anayeuliza, kwa kuwa kumuuliza mtu habari zake ni kumwingilia. Kwa hiyo Ilpo alipokaa mezani Jumanne mchana akiwa kimya, na Jumatano asubuhi akiwa kimya, mikono juu ya meza, kahawa imepoa mbele yake na keki yake ya Krismasi yenye umbo la nyota haijaguswa, wote walimwona kuwa mtu mwenye heshima zake. Mmoja hata alimsifu moyoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini pale kimya ni chakula cha kila siku, na mshindo wake husikika ukishachelewa.

Aliyeshtuka ni Helinä, Jumatano mchana, kwa sababu ya ule mluzi. Alikuwa ameuchukia miaka kumi na miwili na sasa masikio yake yalikuwa yakiutafuta. Akamgeukia Ilpo aliyekuwa amesimama mbele ya rafu, uso umeelekea mashine, na akaona kwamba mikono ya sweta lake imelowa mpaka kwenye viwiko, na chini ya soksi zake sakafu ina dimbwi dogo jeusi. Alimgusa mkono. Ulikuwa baridi, lakini si baridi ya maiti wala ya theluji, ilikuwa baridi ya kadiri, isiyopanda wala kushuka, na hapo, akiwa bado ameushika, aliitambua ile namba ambayo mtoto yeyote wa Kajaani angeitambua siku ya kwanza, kwamba digrii nne ndilo joto la sakafuni mwa ziwa barafu ikishafunga juu, huko ambako ziwa Oulujärvi huwahifadhi linaowachukua, na kwamba Taisto Pellikka alitoka kwenda kuvua kwenye barafu ya ziwa hilo Februari iliyopita na hakuonekana tena.

Macho ya Ilpo yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama. Ndani yake kulikuwa na mtu anayetaka kusema jambo na hana pa kulitolea.

Helinä akaitazama skrini. Kwenye orodha, chini ya kumi na tisa, palikuwa pameongezeka mstari ambao yeye hakuuandika. Kumi na tisa: PELLIKKA TAISTO, 4.0. Ishirini: RAUTAKOSKI ILPO, 4.0.

Alimpigia simu mjane wa Taisto. Aune Pellikka alikuwa na miaka sabini na minane, na katika wilaya ile ndiye aliyekuwa bado akiumika watu kwa pembe saunani, akiwatoa damu mbaya na mambo mengine ambayo zahanati haina jina lake. Hakuuliza maswali mengi. Alisema barabara imefungwa na theluji na kwamba atafika asubuhi, na kwamba Ilpo asiachwe akakaribia maji, hata beseni. Helinä alimfungia Ilpo katika chumba cha kupumzikia, akampigia mkewe kumwambia kwamba wanafanya kazi ya usiku, akakaa mlangoni. Na kila baada ya nusu saa, Mungu amsamehe, alinyanyuka kwenda kutazama kama kipimo kinaendelea.

Aune alifika Alhamisi saa mbili asubuhi na mfuko wake wa ngozi. Alivua viatu mlangoni kama anavyotakiwa, akamtazama Ilpo, akaitazama rafu na vitaa vyake vyekundu, akanusa.

"Nani ameita?" aliuliza.

"Mimi."

"Na nani hakuaga?"

Helinä akasema ni yeye pia. Kizee akaketi, akaeleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikiwa na kitu kilicho chumba cha pili. Mwaka wa themanini na nne, alisema, kipima joto cha maabara ile kilipelekwa ziwani kupima maji ya chini, barafu ikapasuka, chombo kikazama na mtu hakuzama. Jumatatu iliyofuata Taisto aliziita mashine zake, na namba ya kile kilichozama, kumi na tisa, ikaitika. Kilichookota namba ile huko chini hakikuwa mashine.

"Ulipokuwa mtoto ukiingia ziwani ulisema nini?" Aune aliuliza.

Helinä alijua. Kila mtoto wa kwetu anajua. Ukiingia unasema: Näkki nchi kavu, mimi majini. Hapo jini wa maji anakupisha. Ukitoka lazima useme: mimi nchi kavu, Näkki majini. Ukisahau la pili, umemwacha huku juu, na nafasi yake kule chini iko wazi.

"Taisto alimrudisha kwake kila jioni, miaka thelathini," Aune alisema. "Alipostaafu aliwaandikia, isiitwe, na akawaachia amri ya kuaga. Alidhani inatosha. Hapa hakuna aliyemuuliza maana yake, na mume wangu hakuwa mtu wa kusema bila kuulizwa. Shimo alilopitia kwenye barafu lilikuwa na upana wa ndoo, Helinä. Mtu mzima yule. Sasa andika hiyo amri yako uwarudishe, kabla hajaongeza mwingine."

Helinä aliweka vidole kwenye vitufe. Kwenye kona ya skrini saa ya kipimo ilisoma arobaini na mbili. Akikatisha sasa, hakuna muda wa kuanza upya kabla ya Ijumaa. Alifikiria wiki mbili zile, zile mara kumi na saba, kebo, kelele, barua kutoka kusini iliyoandikwa na mtu asiyejua hata voltimita inafananaje, na hasira ya mtoto aliyenyang'anywa ikampanda.

"Saa sita tu," alisema. "Aune, zimebaki saa sita. Nikimaliza tu namrudisha."

"Kila unapongoja anahesabu."

"Amekaa hivyo siku nzima na hajafa. Saa sita."

Aune akaupakata mfuko wake mapajani. Ilpo, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti kati yao, alisikia yote.

Hizo saa sita sitaki kuzielezea sana. Namba zilitiririka bila kosa, nzuri kuliko zozote alizowahi kuzipata, na chumba kikazidi kunuka tope na sufu iliyolowa, na kutoka kwenye kila plagi kwenye kila mgongo wa kila mashine maji yakawa yanatona, tone moja kwa kila namba iliyosomwa, yakiteremka rafuni na kuvuka sakafu kwenda kwenye miguu ya Ilpo, na mara mojamoja, kati ya tone na tone, mlio mrefu wa chini ulisikika ukipita chini ya jengo, ule ambao barafu ya ziwa hutoa ikijinyoosha usiku wa baridi kali, isipokuwa ziwa liko kilomita saba kutoka pale na ilikuwa mchana, na Helinä alijibana kwenye kiti akihesabu dakika kwa midomo bila kutoa sauti, akijiambia kwamba ubaridi anaouhisi vidoleni ni wa uchovu tu. Saa nane kamili skrini ikaandika: kipimo kimekamilika.

Aune akamwaga maji ndani ya ndoo na kutupia humo sindano ya chuma, maana chuma Näkki hukiogopa. Helinä akaandika: kumi na tisa, rudi kwako. Ishirini, rudi kwako. Na kwa mdomo wake akasema maneno ya utotoni: mimi nchi kavu, Näkki majini. Maji ndani ya ndoo yakazunguka mara moja, yakatulia. Kitaa chekundu cha kila mashine kikazimika.

Ilpo alikohoa, akatapika kikombe kizima cha maji meusi, akavuta pumzi kama mtu aliyezaliwa. Aune alimpangusa na shali lake. Alipoweza kusema, hakumtazama Aune.

"Ulijua tangu lini?" alimuuliza Helinä.

"Tangu jana mchana."

"Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nangoja uniite."

Alivaa koti na kuondoka. Aune naye alifunga mfuko wake, akauliza kama wameagwa wote, na Helinä akajibu kuwa ni wote. Hakuitazama orodha tena. Jioni ile hakusema na mtu, lakini hilo si la ajabu, anaishi peke yake.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa tatu, kijana mmoja nadhifu aitwaye Brusila. Alimuuliza Helinä jina lake, akamjibu. Alimuuliza juu ya kipimo, akamjibu kwa kifupi na kwa usahihi, namba baada ya namba, na baada ya kila jibu alinyamaza. Kijana yule alipendezwa mno. Alisema moyoni kuwa hajawahi kukutana na mtu asiyepoteza neno namna hii, na alipozisoma zile saa arobaini na nane alitikisa kichwa kwa heshima. Kibali kilikuwa kimepatikana. Mwishoni, kwa kutimiza wajibu tu, alikaa mwenyewe kwenye kompyuta na kuziita namba zote. Tisa zilijitaja. Kumi na tisa, kimya. Ishirini, kimya. Ishirini na moja: KORTESOJA HELINÄ, 4.0.

"Ninyi wa kaskazini na utani wenu," alisema Brusila, akacheka kidogo. Hilo halikuwa swali. Akaendelea hadi thelathini, akafunga programu, akatia sahihi, akavaa viatu mlangoni na kuwatakia wikendi njema.

Saa nane walikunywa kahawa. Walikuwepo wote saba, na kwa ajili ya kibali walikata keki. Helinä alikaa mahali pake pa siku zote, mikono juu ya meza, ameikunja mikono ya sweta lake iliyolowa ili wasiione, na maneno yote aliyokuwa nayo yamemjaa mdomoni hadi kwenye meno. Ilihitajika mtu mmoja tu amgeukie na kumuuliza ana nini. Aliyeweza kujua alikuwa Ilpo, na Ilpo alikuwa upande wa pili wa meza, amemgeuzia bega. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatamsemesha mwanamke yule tena mpaka afe.

"Inaanguka tena," alisema mmoja, akitazama dirishani.

Wengine wakaitikia kwa vichwa, na kahawa ikamiminwa mara ya pili.